Tajiri Sokoni: Kubana Matumizi, Ubakhili na Hesabu ya Kilichobaki

Darsa ya Ramadhani iliyotolewa baada ya sala ya Tarawehe, Sib, Maskati. Imenukuliwa kutoka katika sauti iliyorekodiwa.

Bismillahir Rahmanir Rahim. Kila sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake, na Masahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Wazee wangu, ndugu zangu, mama zetu mlioko upande wa pili wa pazia, na nyinyi mnaotusikiliza kutoka Dubai, London, Toronto na kwengineko: Usiku wa leo nimekusudia tuzungumze historia, na historia yenyewe nitaianzia dukani.

Wiki moja kabla ya kuandama mwezi niliingia katika moja ya yale maduka ya baisa mia, huku kwetu Mabela, kutafuta mabakuli ya futari ya msikitini. Nilipogeuka kwenye njia ya vyombo, nikakutana uso kwa uso na mzee mmoja wa jumuiya yetu. Sitamtaja jina, na nyinyi msijishughulishe kumtafuta. Ni mtu aliyejaaliwa: ana nyumba za kukodisha, na wanawe wamesoma na wana kazi zao. Katika kikapu chake mlikuwa na sabuni, vikombe vya plastiki na vibanio vya nguo. Aliponiona, alikisogeza kile kikapu nyuma ya miguu yake kama mtoto aliyekamatwa na embe la jirani, akaniambia, "Shekhe, mimi nimemsindikiza dereva tu." Nikamjibu, "Mzee wangu, na mimi nimeyasindikiza mabakuli." Tukacheka, tukaagana. Lakini nilitoka pale na swali ambalo halikuniacha: mzee yule aliona haya kwa sababu gani?

Aliona haya kwa sababu anatujua. Anajua kwamba barazani kwetu kuna kauli mbili tayari zinamngoja. Ya kwanza itasema: tajiri gani huyu, majumba yote yale na bado anagombania baisa? Ya pili itasema: mwachieni, huyo ndiye mwenye akili, na sisi tungejibana kama yeye tungekuwa mbali. Kauli zote mbili zina haraka. Na baina yake amekaa mtu wa tatu ambaye hatumfikirii. Ni yule ndugu yetu ambaye duka la baisa mia ndilo duka lake pekee, asiye na la kuchagua. Kila tunapofanya mzaha juu ya "vitu vya baisa mia", yeye anausikia, na mzaha huo unamkaa moyoni. Kwa ajili yake hasa nimeona jambo hili lifaa kuzungumzwa katika mwezi huu.

Qur'ani imekwisha kutuwekea mipaka. Katika Suratul Furqan, aya ya 67, Mwenyezi Mungu anawasifu waja wake ambao wanapotoa mali hawapindukii wala hawafanyi ubakhili, wakawa katikati ya hayo mawili. Na katika Suratul Israa, aya ya 29, tumekatazwa kuufunga mkono shingoni na tumekatazwa kuukunjua wote. Mipaka tunayo. Linalotutatiza ni kujua mtu fulani, siku fulani, na kikapu chake mkononi, amesimama upande gani wa mpaka. Hapo ndipo historia inapotufaa, kwa sababu inatuonyesha watu walio hai wakinunua na kuuza.

Tuanze Madina. Muhajirina walipofika kutoka Makka, wengi wao walikuwa wameacha kila walichokuwa nacho. Mtume (S.A.W.) akawaunganisha udugu wao na Ansari, na Abdurrahman bin Auf (R.A.) akaunganishwa na Saad bin Rabii (R.A.), aliyekuwa mtu wa mali. Saad alitaka wagawane mali yake nusu kwa nusu. Abdurrahman akamwombea baraka katika mali yake na watu wake, kisha akauliza soko liko wapi. Akaonyeshwa soko la Banu Qaynuqa, akaanza na jibini kavu na samli, biashara ya faida ndogo ndogo. Mtu huyo ndiye aliyekuja kuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa Masahaba. Utajiri wake ulianzia mahali ambapo leo baadhi yetu tungeona haya kuonekana.

Lakini habari yake ninayoipenda zaidi ni ya baadaye, mali ilipokwisha kumjaa mikononi. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba siku moja aliletewa chakula naye amefunga. Kilipowekwa mbele yake akamkumbuka Musab bin Umeir (R.A.), kijana wa Makka aliyelelewa katika neema kubwa, kisha akauawa shahidi katika vita vya Uhud. Musab alikafiniwa kwa shuka moja tu: wakimfunika kichwa, miguu inabaki wazi; wakimfunika miguu, kichwa kinabaki wazi. Abdurrahman akasema kwamba Musab alikuwa bora kuliko yeye, na akaogopa isije ikawa malipo ya mema yao yametangulizwa hapa duniani. Akalia mpaka akakiacha chakula.

Tajiri huyu hakulilia bei ya chakula. Alimlilia aliyekosa. Hii ni alama ya kwanza tuishike: kujizuia kwa tajiri mwema kuna uso wa mtu mwengine ndani yake.

Habari ya pili ni ya Jabir bin Abdillahi (R.A.). Baba yake aliuawa Uhud, akamwachia madeni na dada wa kuwatunza. Katika kurudi safarini, ngamia wake alikuwa hoi. Mtume (S.A.W.) akamtaka amuuzie ngamia yule, wakazungumza bei mpaka wakapatana, na Jabir akashurutisha kumpanda mpaka afike Madina. Walipofika, Mtume akamlipa bei yake kamili, kisha akamrudishia na ngamia. Ndugu zangu, kupatana bei kulikuwapo. Mtume wetu hakuona unyonge kuuliza bei na kuzungumza juu yake. Ila alimjua muuzaji wake ni nani na ana mzigo gani nyumbani, na biashara ilipokwisha, mnyonge aliondoka na zaidi ya alichokuja nacho.

Sasa natoka kwa Jabir huyo niende kwa Jabir mwengine, ambaye nchi hii ina haki ya kujivunia. Jabir bin Zayd, Abu Sha'atha, asili yake ni Firq, karibu na Nizwa, mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa gari kutoka hapa tulipokaa. Alikwenda Basra, akasoma kwa Ibn Abbas (R.A.), akawa katika wanazuoni wakubwa wa Tabiina, na akafariki mwaka wa 93 Hijria kwa kauli mashuhuri. Ndugu zetu Maibadhi wanamhesabu kuwa imamu wao wa mwanzo, na wanazuoni wa Kisunni wamepokea hadithi zake. Katika habari zake imesimuliwa kwamba kulikuwa na mambo matatu ambayo hakuwa akiomba kupunguziwa bei: kukodi kipando cha kwendea Makka, kumnunua mtumwa ili amwache huru, na mnyama wa kuchinja Idi. Yaani kila alichojikurubishia nacho kwa Mola wake, alikilipia bila ya kuvutana.

Itazameni hekima hii kwa makini. Mtu ambaye watu wamehifadhi kwamba hakuvutana bei katika mambo matatu, maana yake ni mtu aliyelijua soko na mvutano wake. Hakujifanya bwana mkubwa asiyeuliza bei. Alikuwa na mstari: upande huu ni matumizi ya nafsi yangu, hapa naweza kubana; upande ule kuna haki ya Mungu na uhuru wa mja, pale sibani. Mtu aliyetoka Firq, zaidi ya miaka 1,300 iliyopita, ametuachia kipimo kinachoweza kutiwa mfukoni na kuingia nacho katika duka lolote la Sib.

Katika mji huo huo wa Basra, zaidi ya karne moja baadaye, aliishi mwandishi Al-Jahiz, aliyefariki mwaka wa 255 Hijria. Yeye aliandika kitabu kizima juu ya mabakhili. Anasimulia humo habari ya wasafiri wa Khurasani waliopanga nyumba pamoja. Walivumilia giza kadiri walivyoweza, kisha wakachanga fedha za mafuta ya taa. Mmoja akakataa kutoa fungu lake. Basi kila walipowasha taa walimfunga kitambaa machoni, asije akanufaika na mwanga asioulipia, na hawakumfungua mpaka walipoizima wakenda kulala. Tunacheka, na Al-Jahiz alitaka tucheke. Lakini angalieni kilichowapata: walianza kwa kuhifadhi mafuta, jambo zuri, wakaishia kumfunga mwenzao macho. Kubana matumizi hugeuka ubakhili pale ambapo hesabu inakuwa na thamani kuliko mtu.

Tuvuke bahari sasa, twende kwetu Unguja, karne ya 19. Na hapa nawaomba radhi wazee wangu, kwa sababu nitasema jambo zito.

Mwaka 1833 Sayyid Said bin Sultan alifunga mkataba wa biashara na Marekani. Merikebu za Salem, katika jimbo la Massachusetts, zilikuwa zikija Unguja kuchukua pembe za ndovu, gundi ya sandarusi na karafuu, na zikishusha kitambaa cha pamba kizito kisichotiwa rangi. Kitambaa hicho kiliipa lugha yetu neno ambalo bibi zetu walilitumia mpaka juzi: merikani. Kilikuwa kitambaa rahisi, kigumu, chenye kudumu. Kilikwenda bara na misafara kikawa kama fedha. Kilitiwa nili, kikawa kaniki. Na Unguja na Pemba, ndicho walichovishwa watumwa wa mashamba ya karafuu.

Sasa tuulize: urahisi wa merikani ulilipiwa na nani? Pamba yenyewe ilitoka katika majimbo ya kusini ya Marekani, na huko waliolima na kuchuma walikuwa watumwa. Ikafumwa kaskazini, ikavuka bahari mbili, ikavishwa mtumwa mwengine aliyekuwa akichuma karafuu. Mtumwa alivaa kilichochumwa na mtumwa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kuanzia 1861 mpaka 1865, viliikata pamba hiyo, merikani ikaadimika Unguja, na vitambaa vya Uingereza na vya Bara Hindi vikaingia mahali pake. Soko la Forodhani lilihisi mtikisiko wa mashamba yaliyo upande wa pili wa dunia.

Na bwana wa shamba? Siku ya Idi alivaa joho la sufu lililotariziwa, jambia yenye mpini wa fedha, akagawa zawadi kwa wageni na jamaa, na washairi wakamsifu kwa ukarimu. Kule shambani aliwapimia watu merikani kwa urefu wa mkono. Mtu anaweza kuwa mkarimu mbele ya wanaomtazama na mbanaji kwa wanaomtumikia. Baadhi ya babu zetu walikuwa hivyo, na sisi tulio hapa ni wajukuu wa pande zote mbili, wengine wa mwenye shamba, wengine wa mchuma karafuu, na wengi wetu tuna damu zote mbili. Serikali ya Unguja iliiondolea hali ya utumwa nguvu ya kisheria mwaka 1897. Hesabu mbele ya Mungu haiondolewi kwa amri ya serikali. Suratul Mutaffifin inawaonya wale ambao wakijipimia kwa watu hutimiza, na wakiwapimia wengine hupunguza. Msidhani aya hizo zimeshuka kwa ajili ya muuza nafaka peke yake.

Kutoka nyumba hiyo hiyo ya Sayyid Said alitoka binti yake, Sayyida Salme, aliyezaliwa 1844. Kitabu chake cha kumbukumbu, kilichochapishwa Ujerumani mwaka 1886, kinaeleza jinsi Ramadhani na Idi zilivyokuwa katika majumba ya baba yake, nguo mpya na zawadi. Aliondoka Unguja mwaka 1866, akaolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani, na mwaka 1870 mumewe akafa katika ajali ya gari la reli la mjini, Hamburg. Binti wa Sultani akabaki ugenini na watoto wadogo, akihesabu kila sarafu, akifundisha Kiarabu ili kupata matumizi. Mambo ya dini yake tumwachie Mola wake. Mimi namtaja kwa sababu ya somo moja: kati ya Idi ya majohari na kuhesabu sarafu kulikuwa na miaka michache tu. Anayemcheka mwenye kikapu cha vitu rahisi hajui kesho kikapu hicho kitakuwa mkononi mwa nani.

Na wengi wenu hamhitaji kusoma kitabu cha Salme kulijua hilo. Mlilipitia wenyewe. Baada ya Januari 1964 wako waliotoka Unguja na nguo walizovaa. Waliobaki waliona mwanzoni mwa miaka ya 1970 mchele, unga na sukari vikitolewa kwa mgao, na foleni ikawa sehemu ya siku. Kuna mama zetu hapa ambao mpaka leo hawatupi kopo la maziwa wala mfuko wa plastiki. Wanauosha, wanaukunja, wanauweka. Wajukuu wanacheka. Wajukuu, msicheke. Mkono unaokunja ule mfuko ulisimama foleni kwa kilo moja ya unga.

Kisha ikaja Oman ya baada ya 1970. Marehemu Sultan Qaboos alifungua milango kwa waliokuwa ng'ambo warudi kuijenga nchi, na nchi yenyewe ilikuwa na skuli tatu tu za serikali za mfumo wa kisasa. Wazee wetu walikuja na elimu waliyoipata Zanzibar, wakashika kazi katika wizara, hospitali na mashirika. Wakapata mishahara, wakajenga hapa Sib, Al Khoud, Al Hail na Mawaleh. Neema ilikuja kwa haraka, na moyo hauzoei neema kwa haraka kama mkono unavyoizoea. Baadhi walibana kwa khofu, kana kwamba foleni itarudi kesho asubuhi. Wengine walitapanya kwa khofu hiyo hiyo, wapate kuonekana kwamba wao hawakuwahi kusimama foleni. Nimezika watu wa aina zote mbili. Wa kwanza aliwaachia wanawe akaunti iliyojaa ambayo yeye hakuonja wala hakuitolea sadaka ya maana. Wa pili aliwaachia deni la karamu ya harusi.

Na kwa kuwa tuko Sib, tusisahau kilichotokea papa hapa. Tarehe 25 Septemba 1920 ulitiwa saini mkataba unaojulikana kwa jina la mji wetu, baina ya upande wa Sultan Taimur bin Faisal na upande wa Imamu Muhammad bin Abdullah Al Khalili. Vita na uhasama wa miaka vilikuwa vinatafutiwa mwisho. Miongoni mwa masharti yake ni kwamba mtu atakayeshuka kutoka bara na bidhaa zake kuja Maskati, Matrah, Sur na miji mengine ya pwani, asitozwe zaidi ya asilimia 5. Wazee wale walijua kwamba bei ya soko ni jambo la amani na vita. Tende ya mkulima ikitozwa kupita kiasi, na kitambaa na mchele anaorudi nao vikipanda bei, hasira yake itashuka bondeni pamoja naye. Na Imamu huyo Al Khalili, aliyeongoza mpaka alipofariki mwaka 1954, anatajwa na wanahistoria wa Oman kwa maisha ya kujibana na kwa kuitumia mali yake mwenyewe katika mambo ya dola. Alibana kwake, akatoa kwa watu. Mstari wa Jabir bin Zayd haukukatika.

Wako vijana hapa watakaoniambia, "Shekhe, hata matajiri wa Ulaya na Marekani wanabana." Ni kweli. Ingvar Kamprad, aliyeanzisha IKEA mwaka 1943, alisema mwenyewe katika televisheni ya kwao mwaka 2016 kwamba nguo alizovaa kaziununua katika soko la mitumba. Sam Walton, aliyefungua duka la kwanza la Walmart mwaka 1962, aliendesha gari kuukuu la mizigo hali akiwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa Marekani. Warren Buffett bado ana nyumba aliyoinunua Omaha mwaka 1958. Kuna la kujifunza kwao, kwani wametuonyesha kwamba mwenye nacho hahitaji kujitangaza kwa gari. Lakini Kamprad huyo huyo aliihama nchi yake mwaka 1973 kwa ajili ya kodi. Unaweza kujibana nguo na ukamkimbia jirani. Kwa hivyo kujibana peke yake hakujakuwa wema. Ni chombo, na chombo huulizwa kimebeba nini.

Na duka la bei rahisi nalo lina swali lake. Tarehe 24 Aprili 2013, jengo la Rana Plaza, karibu na Dhaka, Bangladesh, liliporomoka likaua watu 1,134, wengi wao wakiwa wasichana waliokuwa wakishona nguo rahisi kwa maduka ya Ulaya na Marekani. Siku moja kabla, nyufa zilikuwa zimeonekana ukutani, na wafanyakazi wakalazimishwa kurudi kazini asubuhi. Ndugu zao ndio wanaotushonea kanzu hapa Sib, ndio wanaotupangia rafu za maduka na kutufagilia barabara. Sisemi tusinunue, yule ambaye hana la kuchagua, na anunue, halali yake, na Mungu ambariki. Nasema kwamba yule mwenye nacho asidhani kila upungufu wa bei ni akili yake. Mara nyengine ni jasho la mtu.

Nami nitoe ushahidi dhidi ya nafsi yangu. Miaka kadhaa nyuma, siku za mwisho za Ramadhani, nilimpelekea fundi cherehani kanzu nne za Idi, yangu na za wanangu. Akataja bei. Nikavutana naye mpaka akanipunguzia riali moja na nusu katika kila kanzu. Nilirudi nyumbani nimefurahi, nikamwambia mke wangu, "Nimeokoa riali sita." Usiku wa Idi nikazifuata, saa saba za usiku, nikamkuta bado anashona, macho mekundu, na chakula chake cha futari kimefunikwa pembeni hakijaguswa. Aliniomba radhi kwa kuchelewa. Yeye ndiye aliyeniomba radhi! Riali sita zile sikumbuki nilizifanyia nini. Sahani ile iliyofunikwa naikumbuka mpaka leo. Niliyarejesha yale malipo, lakini usiku wake sikuweza kumrejeshea. Na nilikuwa nimekwisha kuifundisha habari ya Jabir bin Zayd darasani mara ngapi!

Basi, ndugu zangu, tuifunge darsa yetu kwa mambo matatu ya kwenda nayo nyumbani.

La kwanza: anayenunua kwa bei rahisi asione haya, na asionewe haya. Tajiri na akanunue vibanio vyake kwa baisa mia. Kikapu kisifichwe nyuma ya miguu. Tajiri akionekana pale bila ya kujificha, yule ndugu yetu asiye na la kuchagua naye atatembea kichwa juu. Hiyo nayo ni sadaka, na haimgharimu kitu.

La pili: kilichobaki kihesabiwe. Wahenga wetu wamesema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ukiokoa riali 20 kwa mwezi kwa kununua kwa akili, mwishoni mwa mwaka una riali 240. Ziko wapi? Kama zimejumuika na akiba yako, na akiba imefikia nisabu na kupitiwa na mwaka, basi asilimia mbili na nusu yake si yako tena, ina wenyewe. Na juu ya Zaka kuna sadaka na wakfu. Katika nchi hii wazee waliweka wakfu mitende ili tende zake ziwafuturishe waliofunga misikitini, na Unguja waliweka wakfu nyumba na mashamba kwa ajili ya misikiti na masikini. Wengi wa waweka wakfu hao walikuwa watu wa kujibana sana, lakini ukifungua tende yao leo hawakutajii bei. Weka kopo nyumbani; kila ulichookoa sokoni, tia fungu lake humo. Baisa mia kwa siku ni riali tatu kwa mwezi, na riali tatu ni futari ya watu.

La tatu: jua ni nani unayemwomba akupunguzie. Duka kubwa lina makarani na mahesabu yake, zungumza nalo upendavyo. Lakini mvuvi wa soko la samaki, kibarua, fundi cherehani, dada wa kazi nyumbani, hao wasiwe mahali pa kuonyeshea ustadi wako. Mtume (S.A.W.) amewaombea rehema wepesi wa kuuza na kununua na kudai, na ameamrisha mfanyakazi alipwe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Ongeza katika orodha ya Jabir bin Zayd jambo la nne, lako mwenyewe.

Ama yule mzee wa kikapu, mimi sijui anachokifanyia kinachobaki. Huenda anatoa kwa siri kuliko sote tuliomo humu, na huenda kimekaa tu. Si kazi yangu kuuliza, wala si yenu. Ni hesabu yake, kama kila mmoja wetu alivyo na yake, na mwezi huu ni mwezi wa kuifungua kabla hatujafunguliwa.

Ewe Mola wetu, tupe riziki ya halali na moyo wa kutosheka. Usitufanye tukaifunga mikono yetu kwa wenye haki, wala tukaikunjua kwa kutaka kuonekana. Wasamehe wazee wetu waliotangulia, waliomiliki na waliomilikiwa, na utukutanishe nao katika rehema yako. Tutakabalie funga zetu na kisimamo chetu. Amin.